Sema Unachokunywa: Kijitabu cha Kaya Kuhusu Mitishamba ya Kutuliza Wasiwasi na Msongo wa Mawazo

Kwa nini tumekiandika

Ada ya shule, marejesho ya kikundi, msiba, ndoa yenye ugomvi, mvua iliyogoma: mawazo yakiingia, usingizi unatoka. Moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, mikono inatetemeka. Wengi huanza na mitishamba, na hatuwalaumu kwa hilo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inaitambua tiba hii, na pale Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuchunguzwa mwaka 1974.

Kinachotuumiza ni siri. Mtu ana vidonge vya presha, sukari, kifafa, TB au VVU. Anaanza dawa ya miti ili atulie, na kliniki hamwambii mtu. Tunakuja kujua akishaletwa amebebwa, na ndugu wanatazamana nani aseme.

Jambo kuu la kijitabu hiki

Mwambie mhudumu wa afya kila unachokunywa.

Siri inavyodhuru

Vidonge vya hospitali na dawa ya miti hukutana mwilini mwako hata kama umevinywa saa tofauti. Kunywa kimoja asubuhi na kingine usiku hakukulindi.

Ukiwa na presha au sukari: mlonge na vitunguu saumu vya kusaga kwa wingi vinaweza kuishusha zaidi pale kidonge kilipokwisha kuishusha. Utasikia kizunguzungu, jasho la baridi, kisha utaanguka. Wengine hufanya kinyume, wanaacha vidonge ili "dawa ya miti ifanye kazi vizuri". Presha inapanda kimyakimya, na mtu anaamka amepooza upande mmoja.

Ukiwa na kifafa: usiache vidonge ghafla hata kwa siku chache. Kifafa kinaweza kurudi kikafululiza bila kukata.

Ukiwa kwenye dozi ya TB: vidonge vyenyewe ni mzigo kwa ini. Mizizi na magome usiyoyajua yanauongeza mzigo huo. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa mweusi kama soda, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukinywa dawa ya kuzuia damu kuganda: tangawizi nyingi, saumu nyingi, hata kamomaili nyingi vinaweza kukufanya utoke damu isiyokata.

Ukipewa vidonge vya usingizi: usiongeze mti wa usingizi juu yake, wala pombe. Mtu hulala hivyo pumzi ikapungua, na wenzake wakadhani amepata usingizi mzuri.

Ukinywa ARV, au unatumia vidonge vya uzazi wa mpango au kipandikizi: kuna kopo la vidonge vya majani ambalo ndugu walioko nje hutuma, na maduka mengine huuza, likiwa limeandikwa St John's wort. Husifiwa kwa kuondoa huzuni. Linapunguza nguvu ya ARV, virusi vikaamka. Linapunguza nguvu ya uzazi wa mpango, mimba ikaingia. Likichanganywa na vidonge vya hospitali vya sonona, mtu anaweza kupata homa, mtetemeko na kuchanganyikiwa. Usilinywe kabla hujamwonyesha daktari kopo lenyewe.

Huwezi kuyakumbuka yote haya, na hatukutaki uyakariri. Kumbuka moja: sema unachokunywa.

Mchaichai

Kikombe cha mchaichai jioni, bila kukoleza, hakina neno kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine. Mwenye ugonjwa akinywa, aseme.

Kungumanga

Kukwaruza kidogo kwenye uji au pilau hakuna shida. Shida ni yule anayesikia kwamba inaleta usingizi akasaga nzima, mbili, akanywa. Gramu 5, yaani karibu punje moja nzima, zinatosha kukutia sumu: moyo kwenda mbio, kinywa kukauka, kutapika, kuona vitu visivyokuwepo. Aliyetafuta utulivu anaishia kupata hofu kubwa kuliko ile aliyoanza nayo.

Mirungi na bangi

Haviponyi mawazo. Mirungi inafukuza usingizi, bangi inaweza kuleta hofu na kuvuruga akili, na vyote vimekatazwa na sheria.

Kahawa na chai nzito

Kabla hujatafuta mti wa usingizi, acha hivi kuanzia alasiri. Acha pia vile vinywaji vya kuongeza nguvu.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto

Wasipewe dawa yoyote ya miti ya kutuliza, si nusu kikombe wala kijiko kimoja.

Kikombe cha Loliondo

Wakubwa mnakumbuka mwaka 2011. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, shilingi 500. Wapo waliotolewa wodini kupelekwa huko. Wapo waliorudi wakaacha ARV na dawa za sukari kwa kuamini wamepona, na hali zao zikawa mbaya. Hatuwacheki. Mtu anayeumwa anatafuta nafuu popote. Lakini ungekunywa kikombe ukarudi kliniki ukasema "nimekunywa", daktari angekupima, ukajua kama ugonjwa bado upo. Aliyeacha dawa kwa siri hakupimwa na mtu.

Unga wa stendi

Muuzaji akisema dawa yake moja inatibu presha, sukari, nguvu za kiume na mawazo, usinunue. Unga uliosagwa hauonyeshi kilichomo, na mtu anaweza kusaga hata vidonge vya hospitali akachanganya humo. Ukienda kwa mganga wa tiba asili, mwulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwulize ni mti gani, ni jani, gome au mzizi, kipimo chake ni kiasi gani. Na yeye mwambie vidonge unavyotumia. Kusema ni kwa pande zote mbili.

Anapokuletea mkubwa wako

Mama mkwe au bibi akikuletea kikombe, si rahisi kukataa, tunajua. Pokea kwa mikono miwili useme: "Nashukuru mama, nitamwuliza muuguzi kwanza." Kisha kweli umwulize.

Unaogopa kukaripiwa

Wengi mnatuambia mmenyamaza kwa sababu muuguzi aliwafokea. Mliofokewa mna haki ya kuumia. Semeni tena, hata kwa mwingine, hata kwa mhudumu wa afya wa mtaa wenu. Nawe mhudumu ukisoma hapa: mgonjwa akikutajia mti, mshukuru. Ukimfokea leo, kesho atakuja amenyamaza.

Mawazo yasiyoisha

Yakidumu zaidi ya wiki mbili, au ukishindwa kazi, kula au kulala, nenda zahanati. Wengine hukwepa kwa kuogopa kwamba watapelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Wengi husaidiwa kwa mazungumzo na wakarudi nyumbani siku hiyohiyo. Pia moyo kwenda mbio huenda ni upungufu wa damu, malaria, sukari kushuka au tezi ya shingo, na kikombe cha majani hakitakuonyesha ni kipi.

Usingoje kesho

Nendeni hospitali mara moja mtu akipata maumivu ya kifua, akishindwa kupumua, akizimia, akipata degedege, akitapika bila kukoma, macho yakiwa ya njano, akiongea mambo yasiyoeleweka, au akiwa amelala na haamshiki. Beba kilichobaki kwenye chupa au sufuria. Msifiche alichokunywa hata kama yeye mwenyewe aliwaambia mfiche.

Mtu akisema amechoka kuishi, mwamini. Asiachwe peke yake. Ondoeni ndani ya nyumba sumu ya panya, dawa za shamba na vidonge vyote, kisha mtu mmoja amsindikize hospitali. Usiku huo asipewe dawa ya kumtuliza nyumbani.

Siku ya kliniki

Weka kwenye mfuko mmoja vidonge vyako vyote, na majani, mizizi, unga au kopo. Ukifika, kabla hujaulizwa, sema: "Pamoja na dawa zenu, ninakunywa na hii." Omba iandikwe kwenye kadi yako. Sema tena unapofika dirisha la dawa, maana mtu wa pale ni mwingine. Kama hujui jina la mti, beba tawi lenye majani.