Homa ya Uti wa Mgongo: Jinsi Bakteria Wanavyovuka Ukuta wa Ubongo

Mtoto akipata joto kali usiku, wazazi wengi wa Kisegi na maeneo mengine ya kando ya Ziwa Victoria hufikiria malaria kwanza. Mara nyingi hawakosei. Lakini homa ya uti wa mgongo huanza kwa dalili zinazofanana na za malaria, na kuchelewa kwa saa chache kunaweza kugharimu maisha.

Ukuta wenyewe

Seli za mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo zimebanana kama matofali yaliyojengwa kwa saruji. Hupitisha hewa na chakula, lakini huzuia vijidudu na sumu nyingi.

Bakteria wanavyopenya

Nimokoki, ambaye pia huleta nimonia, na meningokoki huishi puani na kooni mwa watu wengi bila kuwadhuru. Hatari huanza wanapoingia kwenye damu. Nimokoki hujishikiza kwenye seli za ukuta, nazo humbeba hadi upande wa pili. Meningokoki hujinata kwa nyuzi nyembamba, kisha hulegeza maungio kati ya seli na kupenya.

Ng'ambo ya ukuta kuna majimaji yanayouzunguka ubongo, ambamo askari wa mwili ni wachache. Bakteria huzaana haraka. Askari wanapofika, mapambano huleta uvimbe, na kwa kuwa fuvu halitanuki, ubongo hubanwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mgonjwa 1 kati ya 6 hufariki na 1 kati ya 5 hubaki na madhara makubwa, kama vile uziwi.

Kwa nini hospitali

Ukuta huohuo huzuia pia dawa nyingi. Ndiyo sababu vidonge vya dukani havitoshi; mgonjwa huhitaji dozi kubwa ya antibiotiki kupitia mshipa. Ili kuthibitisha ugonjwa, daktari huchota majimaji mgongoni. Baadhi ya familia huogopa kwamba kipimo hiki hupoozesha, lakini sindano huchomwa chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia.

Dalili za kutosubiri

Homa pamoja na shingo kukakamaa, kichwa kuuma sana, kutapika, kuchukia mwanga, kuchanganyikiwa, degedege au usingizi usio wa kawaida. Mtoto mchanga hukataa kunyonya, na utosi wake huweza kuvimba. Mgonjwa mwenye dalili hizi apelekwe hospitalini mara moja, hata kama kipimo kimeonyesha malaria.

Kinga

Kenya ilianza kutoa chanjo ya bakteria aitwaye Hib mwaka 2001 na ya nimokoki mwaka 2011. Zote mbili hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mzazi ambaye mtoto wake amekosa dozi aende na kijitabu cha kliniki katika kituo cha afya kilicho karibu, au amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake.