Kuoza, Kuvunjika au Kugeuka? Tatizo la Istilahi katika Fizikia ya Chembe

Embe linapooza sokoni Mtwapa, huharibika kidogo kidogo. Chungu kinapovunjika, vigae vyake ni sehemu zake zilezile. Barioni ya chami, yaani chembe ya kwaki tatu ambazo mojawapo ni chami, haifanyi lolote kati ya hayo. Lamda-c haichakai kwa umri, na inapotoweka huweza kuacha protoni, kaoni na pioni ambazo hazikuwamo ndani yake. Wanafizikia hupima umbali kutoka ilipozaliwa hadi ilipotoweka, kisha hukokotoa muda wake. Kwa njia hiyo, mwaka 2018, jaribio la LHCb huko CERN lilibainisha kuwa Omega-c huishi takriban mara nne ya muda uliokubalika awali. Hivyo basi, 'kugeuka' ndicho kitenzi kinachoafiki vipimo. 'Kuoza' na 'kuvunjika' humpotosha mwanafunzi.