Mlango Ulioachwa Wazi Nusu

Swali la wiki hii limetoka Westerville, mji ulio kaskazini mwa Columbus katika jimbo la Ohio, kwa fundi wa kuchomelea vyuma aliyehamia huko kutoka Afrika Mashariki na kununua mashine kuukuu ambayo injini yake ya petroli huzalisha umeme wa kuchomelea na pia umeme wa kawaida wa kuwashia taa na vyombo vya nyumbani. Fundi huyo anauliza mambo mawili: kwanza, kwa nini kichwa humgonga na kichefuchefu humshika kila afanyapo kazi gerejini majira ya baridi, ilhali mlango mkubwa huuacha wazi nusu na maumivu humwisha akishatoka nje, pili, iwapo mashine hiyo hiyo inaweza kuipatia nyumba umeme usiku ambao umeme wa mji umekatika.

Jibu la swali la kwanza limo ndani ya swali lenyewe, kwa kuwa maumivu ya kichwa yanayokuja injini inaponguruma na kuondoka mtu anapopata hewa ya nje ni dalili ya mwanzo ya sumu ya kaboni monoksaidi, yaani gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha ambayo hutokea kila mara petroli, mkaa au kuni vinapoungua bila oksijeni ya kutosha. Wasomaji wengi wanaijua gesi hii kwa matendo yake hata kama hawajapata kulisikia jina lake, maana ndiyo inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, msiba ambao magazeti ya Afrika Mashariki huuandika mara kwa mara. Jenereta, hata hivyo, hulizidi jiko kwa mbali. Tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji imeeleza kuwa jenereta moja ya petroli inaweza kutoa gesi hii kwa kiasi cha mamia ya magari, na tangu 2007 imelazimisha jenereta mpya za kubebeka zibandikwe onyo kwamba kuziwasha ndani ya nyumba kunaweza kuua kwa dakika chache. Mashine iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wawili watatu mara nyingi huwa imebanduka karatasi hiyo, lakini moshi wake haujapungua.

Namna gesi hii inavyodhuru inaeleza pia kwa nini mhusika huchelewa kushtuka. Oksijeni husafirishwa mwilini na himoglobini, ambayo ni protini iliyomo katika chembe nyekundu za damu, na kaboni monoksaidi huing'ang'ania himoglobini hiyo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivi kwamba hata kiasi kidogo hewani hujilimbikiza damuni saa baada ya saa huku ubongo na moyo vikikosa hewa. Aliyekwisha kuvuta gesi hiyo huhitaji kama saa nne au tano za hewa safi ili nusu yake tu itoke damuni, na kwa sababu hiyo fundi anayepumzika nje kwa robo saa kisha akarejea gerejini huanza upya akiwa na deni la asubuhi. Ubaya zaidi ni kwamba ubongo unaokosa oksijeni ndio huo huo unaotegemewa kuamua kwamba sasa ni wakati wa kuzima mashine.

Mlango wa nusu haumlindi fundi, kwani gesi hii ina uzito unaokaribiana sana na wa hewa na huchanganyika nayo kila pembe badala ya kupaa na kutoka kwa juu, na upepo unaovuma kuelekea mlangoni huirudisha ndani. Tena gereji nyingi za Ohio zimeshikana na nyumba kwa mlango mmoja mdogo, kwa hiyo kinachomuumiza baba kichwa chini huweza kuwafikia watoto waliolala juu. Hapa inafaa kuitazama upya istilahi ambayo mafundi wa Kenya wameizoea mno hata hawaisikii tena: jua kali, yaani ufundi unaofanywa mahali pa wazi. Aliyejifunza kazi Kamukunji jijini Nairobi, au Katwe jijini Kampala, au Gerezani jijini Dar es Salaam, kwa kawaida alijifunza mahali ambapo injini hunguruma uwanjani au chini ya bati lisilo na kuta, na jina lenyewe linataja sharti la usalama ambalo hakuna aliyelazimika kulifundisha, kwa kuwa anga lilikuwa likifanya kazi hiyo bure. Ujuzi wa fundi ulivuka bahari pamoja naye, ila anga halikuvuka, na theluji ya Januari ikamsukuma aiingize mashine ndani.

Dawa yake si kuifungua gereji zaidi bali ni kuitoa mashine. Mamlaka za afya na usalama za Marekani hushauri jenereta ikae nje, umbali wa futi 20, yaani mita sita hivi, kutoka nyumba, na bomba lake la moshi lielekezwe mbali na milango, madirisha na matundu ya hewa ya jengo lolote. Fundi anaweza kubaki ndani na kazi yake kwa kutumia nyaya ndefu za kuchomelea, mradi unene wake ulingane na urefu na ampea zinazopita, kwani waya mwembamba hupata moto na kuyeyusha ganda lake. Paa dogo lililo wazi pande zote hutosha kuikinga mashine na theluji, ilhali turubai iliyoifunika yote ni gereji nyingine ya hatari. Petroli nayo huongezwa injini ikiwa imezimwa na kupoa.

Swali la pili, la kuipatia nyumba umeme wa mji unapokatika, ni zito kuliko linavyoonekana. Mnamo tarehe 14 Septemba 2008 mabaki ya kimbunga Ike yalipita Louisville, katika jimbo la Kentucky, na Columbus siku hiyo hiyo na kuziacha nyumba nyingi gizani kwa siku kadhaa. Buffalo, katika jimbo la New York, ilikwisha kuonja hali hiyo Oktoba 2006, theluji nzito ilipovunja miti ambayo bado ilikuwa na majani. Na mwishoni mwa Januari 2009 tufani ya barafu iliwakatia umeme wateja zaidi ya 700,000 huko Kentucky, ambako watafiti wa afya walihesabu vifo 10 vya kaboni monoksaidi iliyotoka katika majiko ya mafuta ya taa, jenereta na vyanzo vingine. Mashine ya fundi inaweza kusaidia katika usiku kama huo ikiwa nje, na ikiwa nyaya zake zinakwenda moja kwa moja kwenye friji au taa. Kuichomeka kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima, kama wanavyofanya baadhi ya watu, hurudisha umeme barabarani, ambako transfoma huupandisha hadi maelfu ya volti na kuweza kumuua fundi wa laini anayedhani waya umekufa. Westerville ina idara yake ya umeme inayomilikiwa na mji, na kifaa halali cha kazi hii ni swichi ya kuhamisha, yaani swichi inayoitenga nyumba na laini ya mji kabla haijapokea umeme wa jenereta, ambayo hufungwa na fundi umeme mwenye leseni. King'ora cha kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala hakina mjadala.

Mbali na moshi wa injini upo moshi wa kuchomelea wenyewe, na kuhusu huo yapo pia maziwa. Katika karakana nyingi za Afrika Mashariki mchomeleaji hunywa maziwa ili kuosha moshi, na imani hiyo imefika Ohio salama salimini, ingawa maziwa huenda tumboni na moshi huenda mapafuni. Anayechomelea mabati yaliyopakwa zinki anaweza usiku wake kupata homa ya mafusho ya metali, yenye baridi na maumivu ya viungo, ambayo hufanana na malaria na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Lakini mafusho ya kuchomelea kwa jumla yaliorodheshwa 2017 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, na kinachoyapunguza ni feni ya kuyavuta pale pale yanapotoka, pamoja na kinyago chenye kichujio kinachofaa. Kinyago hicho hakizuii kaboni monoksaidi.

Mtu akizimia, au akichanganyikiwa karibu na injini, wote watoke nje kwanza kisha ipigwe simu 911. Hospitalini ni lazima jenereta itajwe, kwa sababu kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hushindwa kuitofautisha himoglobini iliyotekwa na kaboni monoksaidi na ile iliyobeba oksijeni, kwa hiyo huweza kuonyesha asilimia 98 kwa mgonjwa aliye hatarini, na kipimo cha kweli ni cha damu. Asiyekijua Kiingereza anayo haki ya kupewa mkalimani wa Kiswahili hospitalini bila malipo, na aombe mkalimani huyo mapema, kabla kifaa cha kidoleni hakijamrudisha nyumbani.