STIMA NDANI YA TARAKILISHI: SOMO LILILOTOKANA NA KISIAGI KILICHOUNGUA

Mwaka huu mlezi wa chama chetu alituomba tuandike jambo la kisayansi kwa Kiswahili sanifu. Alisema hivyo kwa sababu wapo wenzetu wanaodai ati Kiswahili ni cha mashairi na methali tu, na kwamba fizikia haisemeki kwacho. Mimi nimekubali kujaribu. Wahenga walinena, mcheza kwao hutunzwa. Nami nitaanzia kwetu.

MKASA WENYEWE

Karibu na kwetu kuna mzee mmoja mwenye kisiagi. Mama hunituma huko kila Jumamosi na debe la mahindi. Stima inayofika pale hutoka kwenye transfoma iliyo mbali, ng'ambo ya mto, na sisi tuko mwisho kabisa wa laini. Jioni watu wakiwasha taa na televisheni zao, balbu yetu huwa nyekundu kama pera lililoiva. Mimi husomea pale pale, macho yakiniuma.

Mwezi wa Aprili mota ya mzee iliungua. Moshi ulitoka, harufu ikajaa soko zima. Maneno yakaanza. Wengine walisema mzee alinunua mota mbovu. Wengine walinong'ona kwamba jirani yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alimfanyia hila. Wawili hao waliacha kusalimiana. Isitoshe, mzee alikuwa amekwisha kuchukua mkopo ili anunue mashine ya pili.

Dada yangu anasomea uhandisi wa stima katika chuo cha ufundi. Alipokuja likizo, aliisikiliza hadithi yote, kisha akafungua tarakilishi yake ya mkononi akasema, "Ngojeni kwanza. Tusimlaumu mtu kabla ya kupiga hesabu." Kumbe kuna programu maalum za kupiga hesabu za namna hiyo! Hilo ndilo somo letu la leo.

MTANDAO WA STIMA NI NINI?

Stima haiwekwi ghalani kama mahindi. Inayozalishwa sasa hutumiwa sasa hivi. Hutoka kwenye mitambo, kwa mfano ile ya mto Tana, ya mvuke wa Olkaria au ya upepo kule Loiyangalani. Huko Loiyangalani kuna mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, na laini ya kilovolti 400 huisafirisha stima hiyo zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Baadaye volteji hushushwa hatua kwa hatua mpaka ikafika nyumbani ikiwa volti 240.

Chukua mtandao huu kama barabara za nchi. Kila mahali laini zinapokutana pana kituo. Mhandisi anataka kujua mambo mawili makubwa. Kwanza, kila kituo kina volti ngapi? Pili, kila laini imebeba mzigo gani, na je, imezidiwa? Hesabu hii huitwa hesabu ya mtiririko wa nguvu.

HESABU YA KUKISIA NA KUSAHIHISHA

Hapa ndipo wengi huogopa, lakini usifunge jarida. Sisi wa kidato cha tatu tayari tumesoma sheria ya Ohm. Tuseme mwanzo wa laini pana volti 240, na ukinzani wa nyaya, kwenda na kurudi, ni omu 2. Mwisho wa laini pana mota inayotaka wati 4000. Mota hiyo inapata volti ngapi?

Tatizo ni hili: ili kujua volti, ni lazima tujue mkondo. Na ili kujua mkondo, ni lazima tujue volti! Ni kama kuku na yai. Basi tunakisia, halafu tunasahihisha.

Hatua ya 1: Tunakisia volti 240. Mkondo ni 4000 kugawa kwa 240, yaani ampea 16.67. Volti zinazopotea njiani ni 16.67 mara 2, yaani 33.33. Zinabaki 206.67.

Hatua ya 2: Tunatumia 206.67. Mkondo ni ampea 19.35, zinapotea volti 38.71, zinabaki 201.29.

Hatua ya 3: Tunatumia 201.29. Zinabaki 200.26.

Hatua ya 4: Zinabaki 200.05.

Unaona? Jibu linatulia kwenye volti 200. Hapo mkondo ni ampea 20, na wati 800 zinapotea bure zikipasha nyaya joto.

Sasa tuongeze mashine ya pili, mzigo uwe wati 8000. Tukianza na 240 tunapata 173.3, kisha 147.7, kisha 131.7, kisha 118.5, kisha 105. Jibu halitulii! Kila ukisahihisha linazidi kushuka. Maana yake si kwamba umekosea hesabu. Maana yake ni kwamba laini ile haiwezi kamwe kuubeba mzigo ule. Wahandisi huita hali hiyo kuanguka kwa volteji.

Tena angalia jambo lingine. Volti zilipopungua, mkondo uliongezeka. Mota yenye kazi ile ile ikinyimwa volti huvuta ampea nyingi zaidi, na koili zake hupata moto. Hivyo ndivyo mota ya mzee ilivyoungua. Haikuwa mbovu, wala hakuna aliyemroga. (Kisiagi cha kweli hutumia nyaya tatu za stima na hesabu yake ni ndefu zaidi, lakini njia ni ile ile.)

TARAKILISHI ILIVYOINGIA

Sisi tulikuwa na kituo kimoja tu na tukatoa jasho. Je, nchi nzima yenye mamia ya vituo? Zamani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, wahandisi wa Marekani walitengeneza vielelezo vya mtandao chumbani, kwa nyaya na resista, wakapima kwa mita badala ya kupiga hesabu. Mwaka 1956 J. B. Ward na H. W. Hale walieleza jinsi ya kuifanya kazi hiyo kwa tarakilishi. Mwaka 1967 W. F. Tinney na C. E. Hart wakaonyesha kwamba njia ya Newton, yule yule wa sheria za mwendo, hufikia jibu kwa hatua chache sana.

Siku hizi kuna programu nyingi. PSS/E, ETAP na PowerFactory hutumiwa sana na makampuni, nazo ni ghali. MATPOWER, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cornell, hutolewa bure. Vyuoni, wanafunzi wa nchi mbalimbali hujifunza kwa mfano mmoja wenye vituo 14, uliochukuliwa kutoka sehemu ya mtandao wa Marekani jinsi ulivyokuwa mwaka 1962. Dada aliniambia kwamba yeye na mwanafunzi wa India au Brazil wanaweza kulinganisha majibu yao hadi desimali ya mwisho.

TUMBILI WA GITARU

Kazi nyingine ya programu hizi ni kuuliza, "Je, kitu kimoja kikiharibika itakuwaje?" Programu huondoa laini moja, ikapiga hesabu, ikairudisha, ikaondoa nyingine, hadi zote zikaisha. Mtandao mzuri unatakiwa kusimama hata mmoja wao akianguka.

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ilijizima. Mitambo mingine ya pale ikazidiwa na mzigo, nayo ikajizima, zikapotea zaidi ya megawati 180. Nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika! Watu walicheka, lakini mhandisi hacheki; yeye huuliza kwa nini kosa dogo liliangusha nyumba nzima.

TAHADHARI

Msidhani tarakilishi ni mganga. Tarehe 14 Agosti 2003, watu wapatao milioni 50 huko Marekani na Kanada walikosa stima. Katika chumba cha udhibiti cha Ohio, programu ya kengele ilikuwa imekwama, na waangalizi hawakujua kwamba laini zao zilikuwa zikigusa miti na kukatika. Mahali pengine, programu ya kukadiria hali ya mtandao ilikuwa imezimwa ili irekebishwe. Fundi aliirekebisha, akasahau kuirudisha ijiendeshe yenyewe, akaenda kula chakula cha mchana.

Ama kwa hakika, ukipanda mbigili hutavuna mtama. Ukiilisha programu namba za uongo, itakupa majibu ya uongo, tena yenye desimali nyingi za kupendeza. Ndiyo maana dada alianza kwa kupima urefu wa laini kwa miguu yake, nami nikishika kamba, kabla ya kugusa tarakilishi.

MWISHO WA MKASA

Jioni moja tulikwenda kwa mzee. Dada alimwamkia, akamwomba fundi wa vyuma aitwe pia. Aliwaonyesha mchoro kwenye kioo cha tarakilishi. Laini yetu ilikuwa nyekundu. Alipoweka mashine ya pili, programu ilikataa kutoa jibu. Alipochora transfoma mpya karibu na soko, rangi ikawa ya kijani.

Mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akamgeukia jirani yake. "Kumbe ni waya," alisema. Fundi akajibu, "Mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, Mzee, lakini hukutaka kunisikia." Tangu siku hiyo wanasalimiana, na hata wamegawana saa: mmoja husaga asubuhi, mwingine huchomelea alasiri.

Mzee ameahirisha mashine ya pili. Barua ya kuomba transfoma imeandikwa, hesabu ya dada imeambatishwa, na watu 41 wametia sahihi. Barua hiyo niliiandika mimi, kwa Kiswahili. Mpaka ninapoandika makala haya bado tunangoja jibu, na balbu yetu bado ni pera. Lakini sasa ninajua kwa nini, nami nimeamua kuusomea uhandisi wa stima Mungu akinijalia.

Anayesema Kiswahili hakiwezi sayansi, na ajibu maswali haya kwanza.

MASWALI

1. Kwa nini hatuwezi kupata volti za mota kwa hatua moja tu?
2. Rudia hesabu yetu kwa mzigo wa wati 6400. (Jibu litatulia kwenye volti 160. Uwe na subira.)
3. Eleza kwa nini mota huungua volti zikiwa chache, na si zikiwa nyingi tu.
4. Ungekuwa mhandisi wa Gitaru, ungeiuliza programu swali gani kabla ya tumbili kuja?