Ordinatere ya Koperative Inakataa Kuwaka Nyuma ya Mizajuri: Tufanye Nini?



Katika koperative zetu za bonde la Ruzizi na za kandokando ya ziwa, hesabu ya kilo haiko tena kwenye kaye peke yake. Seketeri anapima mupunga na anaandika ndani ya ordinatere: nani ameleta gunia ngapi, nani amechukua mbegu na mbolea kwa deni, nani amekwisha kulipa sehemu yake. Ni kazi nzuri, inatupunguzia mabishano.

Lakini kuna tabu moja yenye inarudi mara kwa mara. Mashini inaomba mizajuri, ndiyo kusema kupyaisha programu kubwa yenye kuiongoza, yaani Windows. Usiku inajipyaisha. Asubuhi ekra ni nyeusi, ao iko ya bluu, ao kaduara kanazunguka tu bila kumaliza. Na siku hiyo wanamemba wanangojea malipo yao.

Chukueni mufano wa mukulima mwenye ameleta kilo 600 za mupunga, na mbele ya hapo alikuwa amechukua kilo 40 za mbegu kwa deni. Kama ile hesabu imepotea, yeye atasema lake, komite itasema lake. Watu watashukiana, na kuaminiana kwenye tumejenga miaka mingi kunaweza kuvunjika kwa juma moja. Ndiyo maana somo hili si la mafundi peke yao. Linamuhusu kila mwanamemba.

Kwanza: mulango umefungana, mupunga uko ndani

Mashini kukataa kuwaka si kusema kama hesabu zimepotea. Ndani ya diski muko vitu viwili tofauti. Kimoja ni Windows, chenye kuwasha mashini. Kingine ni fisiye zetu: liste ya wanamemba, hesabu ya kilo, hesabu ya feza. Mizajuri ikiharibika, mara nyingi inaharibu kile cha kwanza tu.

Ni kama depo yenye kufuli imekwama. Mupunga uko ndani, muzima, lakini mulango hauitike. Mutu wa haraka atakuambia: "Tufanye formataji, itawaka mara moja." Kweli, itawaka. Lakini formataji ni kumwaga mupunga wote inje kusudi uweke kufuli mupya. Kwanza mutoe mupunga, kisha mutengeneze mulango.

Tarehe 19 mwezi wa 7 mwaka 2024, mashini karibu milioni 8 na nusu katika dunia zilikataa kuwaka kwa siku moja. Kampuni ya Marekani yenye kuitwa CrowdStrike ilikuwa imetuma mizajuri ya programu yake ya ulinzi, na ndani mulikuwa kosa. Ndege nyingi zilibaki chini, hospitali na banki zikapata shida. Dawa ilikuwa nini? Kuingia ndani ya mashini kwa njia ya dharura, kufuta fisiye moja yenye kosa, na kuwasha tena. Fisiye za watu zilikuwa bado mahali pake.

Sababu gani mizajuri inaharibika?

Kwetu huku, sababu ya kwanza ni umeme. SNEL inakata katikati ya kazi, ao bateri ya pano ya jua inaisha usiku, na mashini inazimika wakati Windows iko nusu ya zamani, nusu mupya. Sababu ya pili ni diski yenye imejaa picha na filme, basi programu mupya inakosa mahali pa kukaa. Ya tatu ni mashini ya zamani yenye imelazimishwa kubeba programu yenye haiiwezi. Ya ine, mizajuri yenyewe inaweza kuwa na kosa kutoka kwa wenye kuitengeneza.

Hatua za kufuata, moja kwa moja

Mukulima mwenye akili akiona muhogo unanyauka hangoi shamba lote. Anaangalia jani, kisha shina, kisha muzizi. Tufanye vile vile: jambo moja kwa wakati mumoja, na kila jambo tuliandike kwenye kaye.

*1. Ngojeni.* Kama ekra inaonyesha asilimia ao kaduara kanazunguka, muchomeke mashini kwenye umeme wenye uhakika na muiache saa mbili ao tatu. Mashini ya zamani inaenda polepole. Wengi wanaizima kwa haraka, na hapo ndipo inaharibika kabisa.

*2. Toeni vyote vyenye vimechomekwa.* Flashi, emprimante, telefone, diski ya inje. Wakati mwingine mashini inatafuta Windows ndani ya flashi, haiipate, inakwama pale.

*3. Zimeni kabisa.* Mufinye kifungo cha kuwashia kwa sekunde 10 bila kuachilia. Mutoe waya ya umeme. Kama bateri inatoka, muitoe, mufinye tena kifungo kwa sekunde 30, kisha murudishe na muwashe. Kama hakuna hata taa moja yenye kuwaka, muangalie kwanza sharje na bateri. Tabu inaweza kuwa pale, haiko mizajuri.

*4. Pigeni picha ya ekra.* Maneno na namba zenye zinaonekana pale ni kama alama kwenye jani: zinamuonyesha fundi ugonjwa. Maneno "ilikuwa ya bluu" hayatoshe.

*5. Ingieni kwa mulango wa dharura.* Muwashe mashini. Alama ya Windows ikitokea tu, mufinye kifungo sekunde 10 mpaka izimike. Murudilie mara ya pili. Mara ya tatu muiache iendelee: mara nyingi itaandika "Réparation automatique". Mufinye "Options avancées", kisha "Dépannage", kisha tena "Options avancées". Hapo mujaribu kwa utaratibu huu:

– "Outil de redémarrage système": mashini inajitafutia kosa na kujitengeneza.
– "Désinstaller des mises à jour": inatoa mizajuri yenye imeingia mwisho. Kama tabu ilianza nyuma ya mizajuri, mara nyingi dawa iko hapa.
– "Restauration du système": inarudisha Windows namna ilikuwa siku za nyuma, kama kituo cha kurudilia kilikuwa kimewekwa.

Kwenye ile ekra kuna pia neno "Réinitialiser ce PC". Musiliguse mbele ya kutoa kopi ya fisiye. "Supprimer tout" inafuta kila kitu. Na hata mukichagua "Conserver mes fichiers", programu zenye muliongeza, kama ile ya kuandikia hesabu za koperative, zitaondoka.

*6. Mashini ikiomba kode ya namba 48.* Hiyo ni BitLocker, kufuli yenye kuficha kila kitu cha diski. Katika mwezi wa 7 mwaka 2024, kuna mashini zenye ziliiomba nyuma ya mizajuri ya Windows yenyewe. Musibahatishe namba. Mara nyingi ile kode inalindwa ndani ya konte ya Microsoft ya mutu mwenye alianzisha mashini. Anaweza kuwa seketeri wa zamani, ao agent wa projet yenye ilitoa mashini na ilikwisha kufunga. Bila ile kode, hata fundi hodari hataweza kusoma diski. Basi muulize leo, wakati mashini ingali nzima: konte ni ya nani, na kode iko wapi?

Mukimuita fundi

Kuna mafundi wazuri Uvira, lakini fundi hajui bei ya hesabu yenu. Ni ninyi munaijua. Mbele aguse kitu, mumuambie mambo matatu, na muyaandike kwenye karatasi yenye yeye na komite wanatia sinyature:

Kwanza, atoe fisiye zetu na kuziweka kwenye flashi yetu. Anaweza kuwasha mashini kwa flashi yenye iko na programu ingine, kama Ubuntu, na kukopi bila kugusa Windows. Anaweza pia kutoa diski na kuisoma kwa mashini ingine. Pili, hakuna formataji mpaka prezida ao gerant amefungua zile fisiye kwenye mashini ingine na kuona kama ziko nzima. Tatu, mutu mumoja wa komite anabaki pale wakati wa kazi, sababu ndani ya mashini muko majina na madeni ya watu.

Fundi mwenye kukataa mambo haya, mutafute mwingine.

Mbele ya mizajuri ingine

Musikatae mizajuri siku zote. Zinaziba matundu yenye virusi vinapitia, na sisi tunapitisha flashi kutoka mashini hii mpaka ile kutwa nzima. Lakini ninyi ndio muchague siku.

Muchague wakati wenye hakuna kupima mazao wala kulipa watu. Mukiwa katikati ya mavuno, muingie katika "Paramètres", upande wa "Windows Update", na mufinye "Suspendre les mises à jour". Kama munatumikisha megabaiti za telefone, muweke "Connexion limitée". Mizajuri kubwa inaweza kula gigabaiti nyingi, na inaweza kukatikia katikati.

Bateri ijae, na umeme uwe wa uhakika. Muache nafasi ya gigabaiti 20 hivi kwenye diski.

Mufanye kopi mbili kwenye flashi mbili. Katika mwezi wa 10 mwaka 2018, Microsoft yenyewe ilisimamisha mizajuri moja ya Windows 10 juu ilikuwa inafuta fisiye za watu wengine. Flashi moja ikae kwa biro, ingine ikae kwa nyumba ingine, mbali na muto. Hatujasahau mwezi wa 4 mwaka 2020, wakati Mulongwe ilijaa hapa Uvira na kubeba manyumba. Flashi yenye inalala pembeni ya ordinatere itabebwa pamoja na ordinatere.

Mujue pia kama Microsoft iliacha kutunza Windows 10 tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025. Watu watakuja kuwaambia muweke Windows 11. Muulize kwanza kama mashini yenu inaiweza: inaomba memware ya gigabaiti 4 kwa uchache, diski ya gigabaiti 64, na kipande cha usalama chenye kuitwa TPM 2.0, chenye mashini nyingi za zamani hazina. Kuiingiza kwa nguvu ni kujitafutia ekra nyeusi.

Kaye isitupwe

Ordinatere inasaidia kaye, haiiue. Sheria ya OHADA juu ya koperative, yenye ilikubaliwa Lomé tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2010 na yenye inatumika pia katika inchi yetu, inaomba kila koperative ilinde kwenye makao yake rejista ya wanamemba wote. Kila mwisho wa mwezi, mutoe kwenye karatasi liste ya wanamemba, kilo na madeni. Gerant na seketeri watie sinyature, na kila mwanamemba aangalie mustari wake. Hapo, hata mashini ikifa kabisa, mutakuwa mumepoteza siku chache za maandishi, si msimu muzima.

Maswali ya kuzungumuzia katika mukutano

1. Kopi ya mwisho ya hesabu zetu ilifanywa siku gani? Iko kwa nani?
2. Nani anajua neno la siri la mashini yetu na ile kode ya namba 48? Kama yeye yuko safarini, nani mwingine?
3. Kama mashini inakataa kuwaka kesho asubuhi, tutaweza kulipa wanamemba kwa karatasi gani?
4. Nani tunamupa kazi ya kufanya kopi kila Ijumaa, na nani atahakikisha kama imefanywa?

Kama jibu la swali la kwanza ni "hatujui", mukutano usiishe mbele ya kutuma mutu anunue flashi mbili.