Motokari ya okazio: angalia kwanza, lipa nyuma



Siku nyingi umeweka franga kidogo kidogo. Sasa umefikia kununua motokari juu ya jamaa yako: kupeleka watoto masomoni, kuleta unga nyumbani, kwenda kuona wazazi bila kungojea basi. Ni jambo zuri. Lakini kumbuka hili: kazini hakuna mtu anayepanda mashine asubuhi bila kuizunguka na kuitazama. Anatazama freni, pine, mataa na mafuta. Mbona tunaponunua motokari itakayobeba bibi na watoto, tunatazama rangi na redio tu?

Sikiliza jambo moja nililoliona mwenyewe.

Jumapili moja, magharibi, mtumikaji alituletea bibi yake na watoto watatu. Wote walilia kichwa, wote walitapika, na mtoto mdogo alikuwa amelegea, haamki vizuri. Mimi nilifikiri ni malaria, kama kila mtu hapa kwetu angefikiri. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa na homa, na damu ilipopimwa hatukuona malaria. Ndipo mganga akauliza: «Mmetoka wapi?» Walikuwa wametoka Likasi kwa kibasi walichonunua juma lililopita. Nyuma walipakia mifuko ya makala. Mlango wa nyuma haukufungika, wakaufunga kwa kamba. Baba aliendesha akiwa karibu na dirisha wazi, yeye aliumwa kichwa kidogo tu.

Tuliwapa oksijeni. Wote walipona, lakini yule mdogo alikawia, na mama yake hakukaa chini usiku ule. Kesho yake fundi alilala chini ya kibasi. Bomba la moshi lilikuwa na matundu mawili. Mtu alikuwa ameyafunika kwa bati la kopo na waya, akapaka rangi nyeusi juu yake. Sakafu nayo ilikuwa imeliwa na kutu.

Moshi wa motokari una gazi linaloitwa monoksidi ya kaboni. Halina rangi wala harufu. Linashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Basi mtu anapumua, lakini mwili wake unakosa hewa. Watoto, na mtoto aliye tumboni mwa mama, wanaumia upesi. Kama watu wa motokari moja wanaumwa kichwa, wanatapika au wanasinzia kwa wakati mmoja, simamisha injini, toa wote nje penye hewa, uwapeleke hospitali. Mwambie mganga kwamba mlikuwa ndani ya motokari.

Sasa tazama mambo haya kabla ya kulipa.

1. Saa na mtu wa kwenda naye. Enda mchana, si usiku wala wakati wa mvua. Peleka fundi wako mwenyewe, si fundi wa muuzaji wala rafiki wa komisioneri. Gusa kifuniko cha injini. Kama kina moto tayari, rudi siku nyingine: injini yenye moto inaficha ugonjwa wake.

2. Moshi. Washa injini ikiwa baridi. Moshi wa buluu, injini inakula mafuta yake. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, maji yanaingia ndani. Moshi mweusi, inakula benzini au mazutu kupita kiasi. Fundi apite chini na kusikiliza bomba toka injini mpaka mwisho. Inua mazulia, tazama bati la sakafu. Funga na kufungua milango yote, hata wa nyuma.

3. Freni. Injini ikiwa inazunguka, kanyaga freni na kushikilia kwa dakika nzima. Kama pedali inashuka polepole, kuna mahali panapovuja au pampu imechoka. Kisha ujaribu freni ya mkono penye mtelemko. Barabarani, mahali pasipo watu, simamisha: motokari isivute upande.

4. Pine. Usitazame meno tu. Pembeni ya pine, baada ya herufi DOT, kuna namba. Zile nne za mwisho ni juma na mwaka wa kutengenezwa. 1214 ni juma la 12 la mwaka 2014. Pine yenye kupita miaka 10 ni ya kutupa, hata kama inang'aa. Mpira unazeeka, unapasuka katika joto na mwendo wa mbio.

5. Mikanda. Vuta kila mkanda kwa nguvu ya ghafula: lazima ukamate. Hata ile ya nyuma, maana huko ndiko watoto wanakaa. Ukifungua kontakti, taa ya mfuko wa hewa lazima iwake kidogo, kisha izimike. Kama haiwaki kabisa, huenda mtu ameiondoa kwa kuficha jambo.

6. Usukani. Motokari nyingi zinatoka Japani, zinashukia Dar es Salaam na kuingia kwa Kasumbalesa. Kule wanaendesha kushoto, usukani uko kuume. Kwetu tunaendesha kuume. Basi ukitaka kupita lori huoni mbele mpaka umetokeza motokari karibu nzima. Na vibasi vingi vya kule vina mlango wa abiria kushoto: hapa watoto wanashukia katikati ya barabara! Kama usukani umehamishwa, uliza ni nani aliyefanya kazi hiyo, na fundi atazame kila mahali palipochomelewa.

7. Kilomita na makaratasi. Namba ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma. Tazama pedali na usukani: kama vimelika sana na saa inaonyesha kilomita 60.000, usiamini. Namba ya chasi iliyo katika bati lazima iwe sawasawa na ile ya carte rose na ya makaratasi ya duane. Namba moja ikipishana, acha.

Muuzaji atakuambia: «Kuna mtu mwingine anakuja saa hii na franga.» Mwache huyo mtu anunue. Na usimalize franga zako zote siku ya kununua. Bakiza sehemu juu ya pine, freni na bomba, kwa maana okazio haikosi kazi.

Yule mtumikaji wa kibasi aliniambia: «Nilitazama redio, nikaona inaimba vizuri.» Alinunua bomba jipya, akafunga sakafu kwa bati nzima. Siku hizi, kabla ya safari, analala chini ya kibasi chake na kutazama, na mtoto wake mdogo anamshikia taa.

Ndugu, ufanye vilevile, lakini uanze kabla ya kulipa.