Mzazi Akikuwekea Pande, Lile

Sogea karibu, mdogo wangu, leo tuna maneno ya nyumbani. Najua dukuduku lako. Zamani ulikuwa ukikaa na baba au mama mnacheka hadi mbavu zinauma, siku hizi mkipigiana simu maneno yanaisha kabla ya salio. Umekula? Nimekula. Umekula nini? Ugali. Haya, usiku mwema. Unakata simu, unakaa kitandani, unaanza kujiuliza kama bado unapendwa. Unapendwa, mpenzi. Wewe umekua, huogeshwi wala hubebwi tena, na mapenzi ya yule mzee hayajui yapitie wapi, ndiyo maana yanang'ang'ania chakula.

Katika jambo hili Wachina ni mafundi, na pia ni wagonjwa wenzetu. Twende Taipei kwa Mzee Chu. Ni mtu wa filamu, usije ukamuulizia mtaani. Yumo kwenye Eat Drink Man Woman ya Ang Lee, ya mwaka 1994. Mzee ni mpishi mkuu anayesifika mji mzima, mjane, na ana mabinti watatu watu wazima ambao bado wanaishi kwake. Kila Jumapili anashinda jikoni. Anachinja, anapasua samaki, anampuliza bata hewa, anakanda, anachemsha, anakaanga, mpaka meza inakosa pa kuweka kiwiko. Ukiona vyaelea vimeundwa! Halafu mabinti wanakuja wamenuna, wanadonoadonoa, na wa pili, Jia-Chien, anatoa kasoro. Baba anakwazika. Ulimi wake siku hizi hauonji vizuri, na mpishi asiyeonja unamjua alivyo mwepesi wa hasira.

Kinachoniuma ni kwamba watu hawa wanapendana, tena sana. Ila kila mmoja amefungia lake moyoni, na habari zinapasukia palepale mezani, karamu baada ya karamu: huyu kanunua nyumba, yule ana mimba anahama, mwingine kaolewa. Mwisho baba mwenyewe anasimama kutangaza kwamba anamwoa Jin-Rong, jirani aliye kijana, rafiki wa binti yake mkubwa, wakati mama yake Jin-Rong alikuwa amejipamba akidhani anaposwa yeye. Patashika iliyofuata katazame mwenyewe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mdogo wangu, na nyie mnaoniambia "sisi kila sikukuu tunakutana" mnanichekesha. Mnakutana, mnakula pilau, mnatazama simu, mnaondoka. Mama anabaki na masufuria na hajui hata kama umeachishwa kazi.

Lakini usidharau pilau lenyewe. Kwenye meza ya Kichina vyakula vyote hukaa katikati, kila mtu ana bakuli lake dogo la wali, na hotelini mara nyingi kuna kioo cha mviringo juu ya meza kinachozungushwa ili kila sahani imfikie kila mtu. Mzazi hakuulizi. Anachukua vijiti, anachagua pande zuri kuliko yote, labda nyama ya shavu la samaki maana ndiyo laini, anakuwekea kwenye bakuli lako na kuendelea na yake. Mligombana jana usiku? Leo mama anaingia chumbani kwako na sahani ya matunda yaliyomenywa na kukatwa vizuri, anaiweka mezani, anatoka. Hiyo ndiyo samahani yako. Ukingoja ije kwa maneno utazeeka unangoja. Na ukilisukuma lile bakuli, "nimeshiba, napunguza mwili", wewe utaona umekataa nyama tu. Yeye atalala nalo.

Wapo waliokulia chini ya mapenzi ya namna hii hadi wakaelemewa. Sera ya China ya mtoto mmoja ilianza mwaka 1980 ikaja kuachwa mwishoni mwa 2015. Vijijini wengi waliruhusiwa wa pili kama wa kwanza ni msichana, ila mjini kwa kawaida ilikuwa mmoja, basi. Sasa hesabu: baba na mama, babu wawili, bibi wawili, vijiti vya watu sita vyote vinaelekea kwenye bakuli moja. Mtoto anakula hadi anachoka kupendwa. Anakua, anapata kazi Shanghai au Shenzhen, na wale sita walioko kwao wanamtazama yeye peke yake. Na upande wa pili wa shilingi wapo wazazi wa vijijini walioenda viwandani wakawaacha watoto kwa bibi, wanarudi mara moja kwa mwaka, kwenye Mwaka Mpya wao, treni zimefurika. Mtoto anajificha nyuma ya bibi. Mama hana la kumwambia, anamjazia bakuli.

Serikali yao iliona mambo yanalegea. Sheria ya haki za wazee, kwa marekebisho yaliyoanza kutumika Julai 1, 2013, inawataka wanafamilia wanaoishi mbali na mzee wao wamtembelee au wamjulie hali mara kwa mara. Mama kujuliwa hali kwa kifungu cha sheria! Mimi sicheki, maana kwetu wangeanza kukamata sijui tungebaki wangapi nje.

Nyie mlioko Guangzhou na Beijing, wa masomo na wa biashara, ngoja niwapenyezee machache, kwa sababu mkialikwa kwa wazazi wa rafiki mnatuwakilisha sote. Usikimbilie kiti. Kile kinachotazama mlango kwa kawaida ni cha mkubwa au mgeni wa heshima, subiri uonyeshwe. Mkubwa aguse chakula kwanza. Kama ulilelewa na bibi hilo si geni kwako. Vijiti usivichomeke wima kwenye wali, ndivyo wanavyosimamisha ubani wa marehemu, utamshtua mwenye nyumba. Chai wamiminie wenzio kwanza, yako mwisho, na kule Guangdong ukimiminiwa unagongagonga meza kwa vidole polepole kushukuru. Mkigonganisha glasi na mzee, yako ishuke chini ya yake. Ukikosea usijifie kwa aibu, watacheka na kukuongezea wali. Ila kuinamia simu saa nzima mbele ya mama wa watu, hilo nikilisikia nitakufuata huko huko.

Halafu kuna bili. Kule wakubwa hugombea kulipa, wanavutana mikono kabisa, utadhani wanapigana. Inafika siku mtoto ana mshahara wake, anajifanya anakwenda msalani, kumbe amepita kaunta. Baba anaita bili, anaambiwa imekwishalipwa. Tazama uso wa mzee hapo: fahari inasukumana na maumivu. Kuwa na adabu siku hiyo. Usitaje bei. Usiseme mbele ya wageni wake kwamba sasa ni zamu yako. Mtu aliyekulisha tangu huna meno, ukimnyang'anya upawa kwa ghafla unamzeesha palepale, na akija kuwa mkali wa bure mwezi mzima utasema amebadilika. Mwachie aagize chakula yeye. Mwache abishe kidogo, ashinde mara moja moja, hata kama fedha ni zako.

Jia-Chien ndiye aliyenifundisha hili la kupokezana. Utotoni alikuwa jikoni na baba yake kila siku, mpaka mzee akamfukuza akasome awe mtu. Akawa mtu kweli, ofisa wa shirika la ndege, lakini kinyongo hakikutoka. Mwishoni ni yeye anayepika kwenye ile nyumba ya zamani na baba ndiye mgeni wake. Mzee anaonja supu, analalamika tangawizi imezidi, wanabishana kama kawaida yao, mara anagundua ulimi wake umerudi. Hapatolewi hotuba. Anaomba aongezewe. Nakutakia jambo hilo hilo, mdogo wangu: pika wewe, akosoe yeye, na usinune.

Najua yupo atakayeniambia, "Dada, baba yangu hapiki wala hasemi, anangoja kupakuliwa." Basi mpakulie. Na huyo mama anayedai miaka yote kwamba yeye anapenda shingo ya kuku, nakuhakikishia hapendi shingo. China nako wamejaa mama wa aina hiyo, wao husema wanapenda kichwa cha samaki ili watoto wale mnofu. Ukienda nyumbani mwezi huu mpe paja, kaa naye mpaka amalize, na hapo katikati mweleze lile la kazi yako kabla hajaambiwa na majirani. Akibisha kuhusu paja, mjibu alivyokuwa akikujibu wewe: kula, acha maneno.